Friji Lilipohamia Tindiga

Alhamisi, 1 Agosti 1968. Mikumi.

Balozi wetu wa nyumba kumi amepita asubuhi akitangaza. Karani wa kodi kutoka Kilosa, Ndugu Gabrieli, atakaa hapa na kamati ya makadirio Jumamosi ya tarehe kumi. Kila mwanamume aje aeleze mapato yake. Siku tisa tu!

Mwaka jana walinikadiria shilingi mia na ishirini. Mia na ishirini! Lupakisyo, mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, walimkadiria sabini na tano. Ana meza saba, mimi nina sita. Magari ya mafuta yanayokwenda Zambia yanasimama kwake kama yanavyosimama kwangu. Haki iko wapi?

Raheli, mke wangu, anasema haki iko kwenye daftari. Lupakisyo huandika kila kitu: unga, sukari, mkaa, mshahara wa mpishi. Kamati ilitoa gharama zake kwanza, kilichobaki ndicho kikakadiriwa. Mimi niliwaambia biashara yangu ni ya kubahatisha tu. Wakaangalia friji, wakaangalia redio, wakaandika mia na ishirini.

Nimemweleza kwamba mtu anayeandika mapato yake anajishitaki mwenyewe. Akaniuliza, na haya ninayoyaandika kila jioni ni kitu gani? Nikamwambia haya ni mawazo.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimemwona Kasian. Alikuwa karani katika shamba la mkonge huko Kilosa mpaka walipopunguza watu. Sasa ana meza karibu na stesheni, anawaandikia watu barua na kuwashauri mambo ya serikali. Ada yake shilingi tano, chai, na chapati mbili. Ghali. Lakini elimu ni elimu.

Alifumba macho muda mrefu. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema kodi hukadiriwa kwa macho, na kisichoonwa na jicho hakiandikwi na kalamu. Akaomba chapati ya tatu.

Maneno mazito! Nimeyarudia njia nzima hadi nyumbani. Basi tatizo langu si daftari. Tatizo langu ni vitu.

Jumamosi, 3 Agosti

Kazi kubwa leo. Lori la mchele lilikuwa linarudi tupu Tindiga. Dereva ametaka shilingi ishirini na tano, nimempa. Nimepakia friji la mafuta ya taa, redio, viti kumi na viwili vya mninga, saa ya ukutani na kabati la vyombo pamoja na vyote vilivyomo. Vyote nimevipeleka kwa Tomasi, mdogo wake Raheli.

Tomasi analima mpunga. Ana nyumba ya udongo ya vyumba viwili, maksai wawili wa kulimia, mke, na watoto wanne. Sijapata kuona akimkatalia mtu jambo. Nilimwambia avitunze ndani, na mtu yeyote akiuliza asimwambie ni vya nani. Hakuniuliza sababu. Alisema, "Sawa, shemeji," akawatoa mbuzi chumbani ili friji lipate pa kukaa.

Niliporudi Raheli alikuwa amesimama mlangoni, anatazama ukumbi mtupu. Hakusema kitu. Nimeoana naye miaka kumi na nne. Afadhali angesema.

Jumapili, 4 Agosti

Kasian alisema umaskini uanze mapema, usije ukaonekana umezaliwa siku ile ile ya kamati. Kwa hiyo nimekwenda kanisani bila viatu, na shati lile la kupakia mkaa. Nimekaa kiti cha nyuma kabisa. Wakati wa sala nilipumua kwa sauti.

Baada ya ibada akina mama wakanong'onezana, wakapitisha kikapu. Shilingi saba na senti arobaini! Na mayai! Mwanamke aliyenikabidhi ni mjane anayeuza kuni. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Aliniambia Mungu hamwachi mja wake.

Nilishika kikapu. Kwa muda kidogo nilitamani kumwambia kweli. Lakini kweli ikishasemwa kanisani hufika Kilosa kabla ya basi.

Raheli amerudisha fedha zote mchana huu, nyumba kwa nyumba, na juu yake ameongeza sukari. Mayai nilikuwa nimekwisha kula mawili.

Jumatatu, 5 Agosti

Magari kumi na manane ya mafuta yamesimama Mikumi leo. Nimeyahesabu. Kwangu walishuka madereva watatu. Wa kwanza akauliza viti viko wapi. Nikasema tunakaribisha wageni kwa mikeka, kiasili. Akanitazama, akatazama magoti yake, akavuka barabara. Wenzake wakamfuata.

Mauzo ya siku: vikombe vinne vya chai. Vitatu nimekunywa mimi.

Jioni Lupakisyo akavuka kuja kwangu. Aliniamkia vizuri, akauliza kama nyumbani kuna ugonjwa. Ana mabenchi mawili ya ziada, kama nataka aniazime. Nikakataa kwa heshima. Yule anapeleleza. Kwao ni Tukuyu, na mtu wa Tukuyu hakuazimi benchi bure.

Raheli anasema mtu wa Tukuyu alitaka kuniazima benchi, basi.

Jumatano, 7 Agosti. Kilosa.

Kasian alinishauri niwahi. Nimwone karani peke yake kabla kamati haijakaa, kwa sababu mtu mmoja huwa na huruma, watu saba huwa na maswali. Ada tena: shilingi sita. Imepanda.

Nimepanda basi la alfajiri. Kabla ya kuingia mjini kuna kizuizi. Askari wa halmashauri wakataka risiti ya kodi ya mwaka jana kwa kila mwanamume. Nikaingiza mkono mfukoni kwa kujiamini kabisa. Risiti haimo! Nikakumbuka. Iko kwenye droo ya kabati. Kabati liko Tindiga.

Nikawaambia nimelipa. Wakasema wote huwa wamelipa. Nikawaambia nimelipa mia na ishirini! Wakatazama miguu yangu mitupu wakacheka mpaka mmoja akaegemea mti.

Kwa adhabu nimeng'oa magugu uani kwa ofisi kuanzia saa mbili mpaka saa nane mchana, mimi na wenzangu watano. Mzee mmoja wa Munisagara alikuwa na risiti yake, lakini mvua iliilowesha hata maandishi hayasomeki. Alikuwa analia bila sauti huku anang'oa. Yule alilipa kweli, na alilipa akiwa hana kitu. Mimi nilikuwa na kitu na nimekuja kusema sina. Tulikuwa tumeinama kwenye tuta moja.

Ndugu Gabrieli alipopita nikamwita. Ni kijana mpole, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Akaingia ofisini, akafungua kitabu kikubwa, akakuta jina langu. Akaniomba radhi. Akamtafuta na yule mzee wa Munisagara, akamwandikia risiti mpya palepale. Kisha akanikalisha, akaniagizia chai, akauliza habari za biashara.

Nikasema hoteli imekufa.

Ilinitoka tu! Nilikusudia kusema imedhoofika. Akauliza, imekufa kabisa, yaani imefungwa? Nikatazama kalamu yake ikingoja. Nikasema imefungwa. Nikasema sasa najaribu kulima. Akasikitika. Akaandika: hana biashara, mkulima, shilingi thelathini. Nikatia sahihi. Thelathini! Akaniambia ataithibitisha Jumamosi mbele ya kamati, na kesho atakuwa Tindiga kwa makadirio ya huko.

Nimetoka ofisini karibu niruke. Kutoka mia na ishirini hadi thelathini! Kasian ni bingwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya furaha. Nimepiga hesabu. Nimeokoa shilingi tisini. Ukitoa lori, Kasian, nauli, na hasara ya wateja wa wiki nzima... Nimeacha kupiga hesabu.

Raheli ameuliza kama hoteli imefungwa kwenye karatasi, leseni yake inafanya nini ukutani? Na sisi tukiuza kikombe kimoja kesho, si tutakuwa tunauza bila leseni? Nimemwambia asinichanganye. Tutauzia mlango wa nyuma kwa muda.

Akasema, "Baba Paulina, mlango wa nyuma unaelekea kituo cha polisi."

Ni kweli. Sikuwahi kuliona hilo.

Ijumaa, 9 Agosti

Tomasi amekuja. Ametembea kipande kikubwa cha njia, alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Raheli alimpa maji, akanywa akiwa amesimama. Kisha akamwomba dada yake atupishe kidogo, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa imekunjwa vizuri sana, kama hirizi.

Makadirio ya kodi. Tomasi wa Tindiga. Mfanyabiashara. Shilingi mia na ishirini.

Nikauliza imekuwaje. Akasema kamati ilipita nyumba kwa nyumba. Wakakuta friji. Wakakuta redio, na viti kumi na viwili. Wakauliza ni vya nani.

"Ukasemaje?"

"Nikasema vyangu."

"Tomasi! Kwa nini?"

Alinishangaa. "Si uliniambia nisiseme ni vya nani, shemeji? Na vitu vikikosa mwenyewe, wangesema vya wizi."

Wakamuuliza anauza nini. Akasema hauzi kitu. Wakacheka. Wakasema mtu mwenye viti kumi na viwili na friji ana hoteli ya siri. Majirani walikuwa wanamtazama. Mwenyekiti wa kamati alimwambia hadharani kwamba watu kama yeye ndio wanaorudisha nyuma maendeleo.

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuja kuniuliza tu kama naweza kumkopesha kidogo, maana shilingi ishirini anazo. Nyingine itabidi auze maksai mmoja. Akasema anafikiri atamuuza yule mwekundu. Yule mweusi anajua shamba.

Maksai mmoja halimi. Hata mimi ninayekaa barabarani najua hilo.

Nimetoka nje nikakaa nyuma ya jiko. Nimefikiri sana. Nataka kuandika hapa nilichofikiri, kwa sababu humu sijazoea kusema uongo. Nilifikiri hivi: nikilipa thelathini yangu, na nikimsaidia Tomasi sitini, jumla ni tisini. Bado nimeokoa thelathini.

Nilifikiri hivyo. Na kwa kitambo nilifurahi.

Raheli alikuwa amesikia yote kupitia dirisha. Alikuja akakaa karibu yangu juu ya gogo, akawa anachambua mchele. Akasema kesho atakwenda kwenye baraza mwenyewe, nikitaka nisitake. Sikumuuliza kufanya nini. Tomasi amelala ukumbini kwenye mkeka.

Jumamosi, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Baraza limefanyika kwenye uwanja wa ofisi ya chama. Watu walijaa. Lupakisyo alikwenda wa tatu. Akafungua daftari lake, akasoma, kamati ikauliza maswali mawili, akakadiriwa themanini na tano. Akashukuru, akakaa. Dakika tano! Hata jasho hakutoka.

Nikaitwa. Ndugu Gabrieli akasoma karatasi yangu kwa sauti ya huruma. Hoteli imefungwa, mkulima, thelathini. Nikainamisha kichwa vizuri. Nilidhani imekwisha.

Mwenyekiti wa kamati akasimama. Akasema wamenionea huruma, na kijiji hakiwezi kumwacha ndugu aanguke peke yake. Kwa kuwa jengo langu liko wazi na liko mahali pazuri, kamati inapendekeza liwe duka la ushirika. Mimi na familia yangu tutapewa ekari mbili katika kijiji kipya cha ujamaa kinachoanzishwa, tukalime na wenzetu. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Walikuwa wanafurahi kwa ajili yangu!

Nikapiga kelele: "Haijafungwa!"

Makofi yakakatika. Ndugu Gabrieli akavua miwani. Akauliza, haijafungwa vipi, wakati sahihi yangu hii hapa? Nikasema hoteli inakwenda vizuri sana. Nikasema nina friji. Nikasema nina redio ya betri nne, viti kumi na viwili vya mninga, na saa! Mwenyekiti akauliza viko wapi. Nikasema Tindiga.

Ndugu Gabrieli akavaa tena miwani. Akageuza kurasa za daftari lake taratibu. Akasema, kwa Tomasi.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa ajili ya Tomasi. Watu wengi walidhani hivyo. Nilisimama kwa ajili ya jengo. Tomasi nilimkumbuka nilipomwona amesimama nyuma kabisa, ameshika kofia kwa mikono miwili, uso unamng'aa kama mtu aliyeletewa habari njema kwa barua.

Mwenyekiti alikasirika kweli. Akasema Azimio limetufundisha kujitegemea, si kuwategemea mashemeji. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Akasema kwa kuwa mwaka jana nililipa mia na ishirini, mwaka huu zitakuwa mia mbili, niheshimu kamati. Nikaona giza.

Hapo Raheli akasimama. Akasema "Shikamoni" kwa wazee wa kamati, wakaitikia. Akafungua khanga, akatoa daftari la shule, lile la mstari mmoja. Ameandika tangu Septemba mwaka jana! Kila kilo ya unga. Kila debe la mafuta ya taa lililonyweshwa lile friji. Mshahara wa mpishi, leseni, bati lililong'olewa na upepo. Na wiki hii yote, siku kwa siku: vikombe vinne, vikombe sita, hakuna.

Kamati ilisoma nusu saa. Mwenyekiti aliuliza maswali ya mtego, Raheli akajibu bila kutazama daftari. Mwishowe akamuuliza nani aliyemfundisha. Akasema shule ya misheni, hesabu za darasa la sita. Na jirani Lupakisyo alimwonyesha jinsi ya kutenganisha gharama.

Lupakisyo! Akawa anatazama viatu vyake.

Uamuzi: kodi shilingi themanini. Faini ya kudanganya, sitini. Makadirio ya Tomasi yamefutwa, arudie thelathini ya mkulima. Ndugu Gabrieli alichana karatasi yangu ya kufunga hoteli vipande vinne. Hakunitazama tena kwa huruma. Sikujua kama ningeitamani tena ile huruma, lakini naitamani.

Tomasi alikuja akanishika mkono mbele ya watu wote. Alisema, "Ahsante, shemeji. Umejitia aibu kwa ajili yangu." Raheli alikuwa ananitazama. Nikasema si kitu.

Jumapili, 11 Agosti

Kimya. Nimekwenda kanisani na viatu. Mjane wa kuni alinisalimia kama kawaida, nikaangalia upande.

Nimezunguka nyumba mchana kutwa. Nimesimama ukumbini mtupu nikafikiri. Themanini ile ni haki. Ni chini ya mwaka jana, na ni chini hata ya Lupakisyo. Ningeipata bila lori, bila magugu, bila Kasian, kama ningemsikiliza mke wangu jioni moja tu. Na fedha yenyewe inakwenda wapi? Zahanati wanakotibiwa watoto wetu ina bati juu yake. Bati halikuota.

Nimemwambia Raheli daftari ni lake kuanzia leo na mimi nitasaini anapoonyesha. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nimekua. Alicheka. Muda mrefu sijamsikia akicheka.

Jumatatu, 12 Agosti

Lori limekwenda kurudisha vitu. Ishirini na tano nyingine. Viti vimefika kumi na kimoja. Madereva wameanza kurudi.

Kasian alipita kunipa pole. Nikamfukuza. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba ushauri wake umenigharimu, na asikanyage hapa tena. Alikubali kwa unyenyekevu. Akaomba chai ya kuondokea tu. Akiwa anakunywa akasema jambo dogo, kwa kupita, wala sikumuuliza.

Alisema kamati sasa imeandika kwa mhuri wake kwamba Tomasi ni mkulima maskini wa shilingi thelathini. Mwaka huu hawawezi kumgusa tena. Na leseni ya hoteli, kumbe, inaweza kuandikwa jina la mtu yeyote mzima. Hata wa Tindiga.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa. Si udanganyifu. Raheli ataendelea na daftari lake kama tulivyoahidiana. Kitakachobadilika ni jina kwenye jalada. Na Tomasi ni mtu wa pekee. Wangapi leo wanajua kutunza siri ya ndugu?

Nimemwambia Raheli kwamba kesho alfajiri nakwenda Tindiga kumshukuru mdogo wake kama inavyostahili. Machozi yalimlengalenga. Amenifungia kilo mbili za sukari na khanga mpya ya mke wa Tomasi, na amenipigia pasi shati jeupe.